Siku saba Kentucky na Tennessee, nikiitafuta herufi S

Hii safari nimeifanya mwezi wa kumi, nimerudi Dar wiki ya tatu sasa, na nilichoandika hapa nimekitoa kwenye kidaftari changu, picha za simu na risiti zilizokua zimekunjwa ndani ya pasipoti. Wenzangu wa wiski walikua wananiandama kila siku lete mrejesho lete mrejesho, haya mrejesho wenyewe huu, mrefu kidogo, tafuta kiti.

Kwa asiyenijua, nakusanya bourbon, wiski ya Kimarekani ya mahindi, mwaka wa sita huu. Kabatini nyumbani zipo chupa 31 na zaidi ya nusu zimefunguliwa, maana chupa naipenda iwe na watu wa kuionja sio iangaliwe tu kama picha ukutani. Kilichonipeleka Marekani kwanza ni kumsalimia mdogo wangu anayeishi Indianapolis, ila kilichonifanya niongeze wiki nzima ni kizibo. Kuna bourbon inaitwa Blanton's, kila chupa ina kizibo chenye farasi wa chuma na mpanda farasi juu yake, na pembeni ya mguu wa farasi kuna kaherufi kadogo, zipo nane, ukizipanga zinaandika B-L-A-N-T-O-N-S, farasi anaanza taratibu, anachanganya, na kwenye S ya mwisho mpanda farasi kanyanyua ngumi juu, kashinda. Mimi nilikua na saba, zote zimeletwa na watu wanaosafiri, mmoja mmoja. S miaka minne naitafuta.

Siku ya 1: Indianapolis hadi Louisville

Mdogo wangu hanywi pombe, Msabato wa kweli, na ndo aliyekua dereva wangu siku zote saba. Namshukuru mbele yenu wote. Gari yake, mafuta juu yangu. Galoni ilikua kama dola 3, yaani lita moja haifiki sh 2,000 kwa hesabu ya dola moja sh 2,500 niliyokua natumia kurahisisha, nafuu kuliko hapa kwetu.

Barabara ya I-65 imenyooka masaa mawili kati ya mashamba ya mahindi yaliyoshavunwa, hakuna cha kusimulia mpaka ufike mto Ohio. Ukivuka tu uko Kentucky.

Angalizo la hapo: madaraja ya I-65 yanatoza ushuru na hakuna kibanda cha kulipia, kamera inapiga namba ya gari afu bili inakuja nyumbani kwa posta. Kama umekodi gari, kampuni inaweza kukuongezea na ada yake juu. Daraja la zamani la Second Street, la Clark, ni bure na linakutupa katikati ya mji. Sisi tulipita hilo, jioni, taa zinawaka majini.

Moteli dola 78. Tukala kuku wa kukaanga, tukalala mapema maana kesho yake ilikua ya kuamka alfajiri.

Siku ya 2: Frankfort, Buffalo Trace

Saa kumi na moja alfajiri tuko barabarani. Frankfort ni kama saa moja kutoka Louisville na ndo mji mkuu wa jimbo, watu wengi hawajui, wanadhani ni Louisville. Kiwanda cha Buffalo Trace, ndo kinachotengeneza Blanton's, kipo kando ya mto Kentucky kabisa, na mwezi wa nne 2025 mto ulifurika ukaingia kiwandani, maji yakajaa kwenye majengo mengi, ila sisi tulivyofika kila kitu kilikua kinatembea.

Sasa sikilizeni utaratibu wa pale. Matembezi ni bure kabisa na kuonja bure, ila lazima uweke nafasi mapema mtandaoni, wiki kadhaa kabla, zinaisha. Chupa zinazotafutwa na dunia nzima zinauzwa duka la kiwandani kwa zamu, leo hii kesho ile, na bei yake ni ya kawaida sio ya walanguzi. Wanaskani kitambulisho chako, ukinunua aina fulani leo huruhusiwi kuinunua tena mpaka miezi mitatu hivi ipite. Pasipoti ya Tanzania ilikubalika bila shida. Kwa hiyo watu wanapanga foleni kabla ya jua kutoka, na viti vya kukunja, na chupa za chai, kama foleni ya sukari enzi zile wazee wetu wanatusimuliaga.

Mbele yangu kwenye foleni kulikua na mzee mmoja, nadhani miaka sabini na kitu, kofia ya manyoya, akanipisha nikae kwenye kiti chake cha pili maana alibeba viwili, "kuna mtu anakujaga bila kiti kila siku", ndo alivyosema. Tukapiga stori masaa mawili na nusu. Alifanya kazi kwenye maghala ya wiski maisha yake yote, anakaa Bardstown. Nikamuonyesha picha ya vizibo vyangu saba. Akavihesabu kwa kidole, akauliza hii N ni ya kwanza au ya pili? Maana N ziko mbili, ile ya pili ina vidoti viwili pembeni, watu wengi wanajikuta wana N mbili za aina moja wakidhani wamemaliza. Zangu ziko sawa. Akacheka, akasema kesho kutwa mkifika Bardstown njooni kwangu jioni, akanichorea ramani kwenye risiti.

Mlango ukafunguliwa. Zamu ya siku hiyo haikua Blanton's. Ilikua E.H. Taylor Small Batch, dola arobaini na kitu, nikachukua moja bila kusita na ntawaambia kwa nini. Huyu Taylor alikua mwenye kiwanda zama za karne ya 19, wakati huo wauzaji walikua wanachanganya pombe na rangi, sharubati ya plamu, tumbaku, hata tindikali, wanaita wiski na watu wanaumia. Yeye alikua mstari wa mbele kuipigania sheria ya mwaka 1897, Bottled-in-Bond: pombe itoke kiwanda kimoja, msimu mmoja, ikae angalau miaka minne kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na ifungwe kwa prufu 100, yaani asilimia 50. Mpaka leo ukiona maneno hayo kwenye lebo unajua unakunywa nini. Kwa mtu anayeanza kukusanya mimi ningemwambia aanzie hapo, nyingi sio ghali na hazina ujanja.

Matembezi yenyewe saa moja. Mwongozaji alitupitisha ghala H, limefunikwa mabati, ndo wanakozeeshea Blanton's. Mwaka 1984 Elmer T. Lee, fundi mkuu wa kiwanda, alipoitoa Blanton's ilikua kitu kipya sokoni, pipa moja moja bila kuchanganywa na mengine, ndo maana kila lebo ina namba ya pipa na tarehe lilipofunguliwa. Nikaweka mkono kwenye ukuta wa bati la ghala lenyewe. Baridi.

Siku ya 3: Lawrenceburg na Lexington

Kitu cha kwanza utakachokiona ukikaribia kiwanda cha Wild Turkey ni weusi. Miti meusi, kuta za maghala nyeusi, alama za barabarani nyeusi, kama kuna mtu kachoma matairi pale miaka hamsini. Sio moshi. Ni ukungu, unaitwa Baudoinia, unaishi kwa mvuke wa pombe unaotoka kwenye mapipa. Huo mvuke wenyewe wanauita mgao wa malaika: kila mwaka pipa linapoteza kama asilimia tatu hadi tano, kwa hiyo pipa la lita 200 ukilifungua baada ya miaka mingi unaweza kukuta nusu ilishapaa. Niliugusa ule ukungu kwenye shina la mti, ni kama masizi ya sufuria ya kuni ila umeshika, haufutiki kwa kidole, na ukinusa mti wenyewe haunuki pombe, unanuka mti tu.

Kinachotokea ndani ya ghala ni hiki: joto likipanda pombe inatanuka inaingia ndani ya mbao iliyochomwa, baridi ikija inarudi, inarudi na rangi na utamu wa mbao. Ghorofa za juu zinawaka kiangazi, za chini zimepoa, ndo maana mapipa mawili ya siku moja yanatoka na ladha mbili. Four Roses, kiwanda kingine, ambao wapo Lawrenceburg hapohapo kwenye jengo la manjano la mtindo wa Kihispania, wao maghala yao ni ya chini, hayana ghorofa, wanataka mapipa yote yapate hali moja, afu tofauti wanaitafuta kwenye chachu: mapishi mawili ya nafaka mara chachu tano, wanapata bourbon kumi. Nilionja nne. Kuna moja ilikua na harufu ya matunda hadi nikauliza kama wameweka kitu. Hawaweki, sheria hairuhusu chochote zaidi ya maji.

Na hapa nitoe somo fupi kwa wale mnaosema kila wiski ni wiski. Ili iitwe bourbon lazima itengenezwe Marekani, mahindi yawe angalau asilimia 51, ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani, iingie humo ikiwa haizidi prufu 125, na ifungwe isiyopungua prufu 80. Sio lazima itoke Kentucky, ingawa huko ndo kwenye chimbuko, jimbo lina watu milioni 4 na nusu na mapipa zaidi ya milioni 14 yanayolala maghalani.

Wild Turkey nilionja ile yao ya prufu 101 palepale inapozaliwa, juu ya mto, dirisha zima daraja la reli la zamani liko mbele yako. Jimmy Russell, fundi wao mkongwe wa ukenekaji, alianza kazi kiwandani hapo mwaka 1954. Hebu fikiria, 1954.

Jioni Lexington. Mdogo wangu alikua kachoka mikate akasema leo natafuta ugali, na Lexington Wakongo ni wengi sana, Kiswahili unakisikia hadi dukani. Tukaelekezwa kamgahawa kadogo kwenye safu ya maduka. Tukaagiza fufu, ndo ugali wao, sombe yaani kisamvu, na makayabu, samaki wa chumvi. Mama mwenye jiko akatoka kutuangalia tulivyosikika tunaongea, nikamwamkia shikamoo mama, akashika kifua.

"Munatoka fasi gani?"

"Tanzania, mama."

"Aah! Kiswahili ya kitabu!"

Akarudi na bakuli la pili la sombe ambalo hatukuagiza, na ndizi. Nikauliza hii shilingi ngapi, akasema kula kwanza, feza tutaongea nyuma. Haikuongelewa. Tulilipa dola 34 watu wawili tukashiba hadi kesho yake mchana.

Ushauri wa Lexington: kuna maduka yanayouza chupa za zamani, kihalali, Kentucky inaruhusu tangu 2018 duka lenye leseni kununua chupa kutoka kwa watu binafsi na kuziuza. Ni raha kuzitazama. Ukinunua angalia mambo haya: kimo cha kinywaji shingoni, kikishuka sana hewa imeingia; ule utepe wa kodi unaopita juu ya kizibo, wa kijani kwa zile za bond na mwekundu kwa nyingine, uliachwa 1985 kwa hiyo ukiwepo unajua umri; na ujazo, ukiona haujaandikwa kwa mililita chupa ni ya kabla ya 1980 au hapohapo. Nilinunua kachupa kadogo ka mililita 50 tu, dola 25, bajeti haikuruhusu zaidi. Duka jingine, silitaji, walikua na Blanton's yenye S kweli, niliiona kwa macho, dola 190. Hiyo ni mara mbili na zaidi ya bei ya kiwandani. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Nikaacha.

Siku ya 4: Lebanon na Bardstown

Asubuhi kwenye kiwanda cha mapipa, Lebanon. Hii wengi wanairuka na nasema wanakosea. Vaa viatu vya kufunika vidole, hawakuingizi na kandambili. Ndani kelele, joto, na harufu ya mkate unaoungua. Mafundi wanapanga mbao za mwaloni mweupe moja moja ndani ya pete ya chuma, hakuna msumari, hakuna gundi, macho tu na mkono, fundi mmoja nilimuangalia anachukua ubao mpana, anauweka, anautoa, anachukua mwembamba kidogo, pap, umekaa. Afu pipa likiwa bado wazi pande zote linapelekwa motoni, moto unapanda katikati kama bomba la roketi, kwa ule uchomaji mkali wa namba 4 haifiki hata dakika moja, likitoka ndani pameungua pamepasukapasuka vigae kama mgongo wa mamba. Na hivo ndo wanavyouita, mgongo wa mamba.

Kwa vile bourbon inataka pipa jipya kila mara, yaliyotumika yanauzwa, mengi yanaenda Scotland. Kwa hiyo wewe unayejisifia Scotch, kuna uwezekano mkubwa pipa lake lilishalala Kentucky kwanza.

Mchana Bardstown. Moteli dola 69, chumba safi, ila walitukata pesa ya chumba mara mbili kwenye kadi na ilichukua siku nne kurudi, kwa hiyo piga picha risiti zako zote.

Jioni kwa mzee, ile ramani ya kwenye risiti ilitufikisha bila kukosea kona. Nyumba ya mbao, veranda, mbwa mzee asiyebweka. Rafu yake iko gereji na hakuna chupa hata moja ya kutisha pale, nyingi ni za dola 20, 30, ila kila moja ina kikaratasi kimefungwa shingoni kwa uzi: tarehe aliyoifungua na majina ya waliokuwepo. Alitusomea kadhaa. Harusi ya binti. Siku aliyostaafu. Mazishi ya rafiki.

Akatusimulia moto wa kiwanda cha Heaven Hill cha hapo Bardstown, Novemba 1996. Upepo ulikua mkali, ghala moja lilishika, afu la pili, maghala saba yakaisha na mapipa kama 90,000. Pombe inayowaka ilitiririka mtaroni kama mto. Alisema vile vitu alivyoviona yeye na macho yake, taa ya barabarani imelainika imeinama, na jinsi viwanda pinzani vilivyojitolea kuwatengenezea pombe wenzao mpaka wasimame. Akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Baadae akavuta droo. Bati la biskuti, ndani vizibo vya farasi vimejaa. Akachambua, akanipa S.

Nilikataa kupokea bure, kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu ukatoka na kitu. Nikakimbia garini. Nilikua nimembebea mdogo wangu zawadi ya utani, Konyagi ndogo, akakataa kuiingiza nyumbani kwake kwa hiyo ilikua kwenye begi langu wiki nzima. Mzee akaishika kama yai. Akasoma lebo yote, akauliza maswali yote, akamimina toti tatu ndogo akakumbuka mdogo wangu hanywi akairudisha moja, akaonja, akafumba macho. Akasema ni safi, ina moyo. Akachana kikaratasi, akaniambia niandike mwenyewe kwa Kiswahili tarehe na majina, akakifunga shingoni, akaiweka Konyagi rafu ya katikati.

Siku ya 5: Loretto, kisha kusini

Njia ya kwenda kiwanda cha Maker's Mark ni nyembamba inajikunja kwenye mashamba na mtandao unakata. Pakua ramani kabla. Sisi hatukupakua, tukapotea dakika arobaini, tukamkuta mkulima kwenye trekta, badala ya kutuelekeza akageuza trekta akatuongoza mwenyewe hadi njia panda, mwendo wa trekta huohuo, akapunga mkono akarudi zake.

Sehemu iliyonigusa kuliko zote wiki nzima ipo hapa. Wana mapipa makubwa wazi ya mbao ya saiprasi ambamo nafaka inachachukia siku kama tatu, na wanakuruhusu uchovye kidole. Ukiinama, gesi inakupiga puani unarudisha kichwa. Juu limetanda povu la njano zito, linapumua, linafanya matundu matundu linafumba. Nikachovya nikalamba. Tamu kidogo, chachu, uji wa mahindi uliolala.

Mimi nimelelewa Marangu. Bibi yangu alikua anapika mbege: anachemsha ndizi mbivu siku nzima, anaziacha zichachuke, anachuja, anapika uji wa kimea cha ulezi, anachanganya. Mtungi ulikua nyuma ya jiko na sisi watoto tulikua tunachovya kidole tukikimbizwa. Kile kidole cha Loretto kilikua kidole kilekile. Nikamwambia mdogo wangu njoo, pombe bado haijawa pombe hii, chovya. Akachovya. Akasema jina la bibi.

Hapo wanaweka ngano badala ya nafaka ya rai (rye) pamoja na mahindi, ndo maana Maker's ni laini kwa anayeanza. Dukani unaruhusiwa kuchovya chupa yako kwenye nta nyekundu mwenyewe, aproni, glavu, miwani, unaizamisha shingo, unazungusha, unainua ikidondoka. Wazo la ile nta lilikua la Margie Samuels, mke wa mwenye kiwanda, na umbo la chupa ni lake pia.

Mchana tukashika njia ya Tennessee, masaa matatu na nusu. Mkivuka kusini saa inarudi nyuma saa moja, zingatia kama umeweka nafasi mahali.

Siku ya 6: Lynchburg

Jack Daniel's kila mtu Dar anaijua, kila baa. Kinachoshangaza ni kwamba wilaya yenyewe, Moore, ni ya ukavu, yaani uuzaji wa pombe kali umebanwa, tangu zama za marufuku ya pombe Marekani, baa za pombe kali kama zetu hakuna, ila kiwanda kina ruhusa yake ya kuonjesha na kuuza chupa. Maji yanatoka pangoni, nyuzi 13 mwaka mzima. Pombe ikishakenekwa inadondoshwa taratibu kwenye mkaa wa mti wa mepo (maple), kina cha mita 3, ndo kinachoitofautisha na ndugu zake wa Kentucky.

Ila mimi nilikuja kwa ajili ya picha. Ipo picha ya mwanzoni mwa miaka ya 1900, Jack Daniel kakaa na wafanyakazi wake, na pembeni yake katikati kabisa kakaa mtu mweusi, inaaminika ni George Green. Baba yake George ni Nathan Green, wanamwita Nearest. Alikua mtumwa, alikua anakeneka wiski kwenye shamba la mhubiri Dan Call, na Jack akiwa kijana mdogo ndo aliyefundishwa na yeye. Utumwa ulipoisha na Jack akafungua kiwanda, Nearest akawa mkuu wa ukenekaji wa kwanza. Wanawe wakafanya kazi hapo na wazao wao baada yao. Na kwa miaka zaidi ya mia hadithi hii wageni hawakua wanasimuliwa, mpaka 2016 na 2017 ndo ikaingia rasmi.

Mwongozaji wetu aliisimulia vizuri, bila kukimbia. Mimi nikabaki nyuma kundi lilipoondoka. Nimekunywa Jack tangu nina miaka ishirini na mbili na sikulijua jina la fundi wake. Niliangalia mikono ya yule mtu kwenye picha, imetulia magotini, kofia imekaa vizuri.

Tulipita Shelbyville, mwendo wa nusu saa, kiwanda chenye jina la Nearest kipo huko. Uncle Nearest ilianzishwa na Fawn Weaver 2017, na anayechanganya ni Victoria Eady Butler, kilembwe cha Nearest mwenyewe. Nikanunua chupa yao inayoitwa 1884, dola hamsini hivi.

Siku ya 7 na kurudi

Kurudi Indianapolis ni barabara na usingizi, hakuna la kusema.

Kuhusu kubeba: ndege nyingi zinaruhusu hadi lita 5 kwa mtu kwenye begi la chini kama pombe ni kati ya asilimia 24 na 70, chupa haijafunguliwa. Ikizidi 70 hairuhusiwi kabisa, na zipo bourbon za hivo. Funga shingo kwa nailoni ya jikoni, vesha nepi ya mtoto, chupa ikivunjika nepi inanyonya, afu katikati ya nguo. Zangu tatu zilifika salama. Uwanjani Dar unaruhusiwa lita moja bila ushuru, mimi nilikua na zaidi ya lita 2, nikatangaza, nikaonyesha risiti, nikalipia zilizozidi, ilifika karibu bei ya chupa moja. Weka risiti. Nyumbani zisimamishe wima, sio kulaza kama waini, pombe kali inakula kizibo, na mbali na jua.

S nimeipachika. Nane zimekaa mstari, na ile Taylor nimeifungua Jumamosi na baba mdogo na majirani wawili, imefungwa kikaratasi shingoni chenye majina yetu.

Juzi mzee wa Bardstown katuma picha, Konyagi imebaki robo. Anauliza ile ya ndizi ya bibi niliyomsimulia inasafirishwaje. Nimemjibu mbege haisafiri mzee wangu, siku ya tatu imeshakua kitu kingine, ni wewe uje Marangu.